Kabichi Mbele ya Kamera

Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 1978

Leo nimeapa kuandika yote. Mazuri, mabaya, na yale ya kunitia aibu, ambayo kwa kawaida ndiyo mengi. Bi Pickersgill, mwalimu wetu wa fasihi, anasema shajara inayoficha mambo si shajara, ni barua ya kuomba kazi. Basi mimi, Imogen Threlfall, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu na miezi minne, naanza.

Habari kubwa: televisheni imekuja Skelbeck. Safari hii si kwa ajili ya mafuriko. Ni tamthilia kamili, ya vipindi sita, kuhusu tajiri wa kiwanda cha sufu mwaka 1851. Wametuchagua kwa sababu uwanja wetu wa soko haujabadilika tangu enzi hizo, jambo ambalo diwani amelieleza gazetini kana kwamba ni sifa. Mistari ya njano ya barabarani imefunikwa kwa udongo. Kibanda cha simu kimevishwa mbao kikawa ghala la nafaka. Na antena zote za mapaa ya kuzunguka uwanja zimeshushwa, maana mwaka 1851 hakukuwa na antena. Kwa hiyo wiki nzima mtaa wetu hauoni televisheni, ili televisheni ipate kutuona sisi. Baba amesikiliza mpira redioni, akinung'unika kama mtu aliyerudishwa enzi za vita.

Asubuhi walichagua watu wa umati katika ukumbi wa Wamethodisti. Nilikwenda na Bibi Ivy, mama yake Baba. Mimi nilikwenda kuchaguliwa. Bibi alinisindikiza tu. Nilivaa gauni la Pasaka na kuweka uso wa huzuni, kwa kuwa katika filamu za zamani tunazotazama Bibi na mimi kila Jumamosi mchana, maskini huwa na huzuni bila kupumzika. Bwana Rodney, msaidizi wa mwongozaji, mtu wa ndevu nyekundu na kipaza sauti, alinipita. Akaenda moja kwa moja kwa Bibi, ambaye hata vifungo vya koti hajafungua, akamwambia ana uso wa mwaka 1851. Bibi akamjibu kuwa yeye ni wa mwaka 1904, na angeshukuru kama kungekuwa na kiti.

Amepewa ngazi za kanisa. Atasimama pale juu stelingi akipita uwanjani. Peke yake!

Mimi nimepewa kikapu cha kabichi. Nyuma kabisa, kando ya farasi. Si upande wa kichwa.

Philippa Ogden wa darasa letu, ambaye baba yake anauza mazulia na humlipia masomo ya kutamka maneno, amekuwa muuza maua. Stelingi atanunua ua kwake. Alinifariji, akasema nisihuzunike, kwani hata farasi ana jamaa zake watakaotazama. Nilicheka kistaarabu. Naumia hadi sasa.

Jumapili, tarehe 22 Oktoba

Baada ya ibada Bibi alimwandikia dada yake Olive. Lazima nieleze habari za Olive. Ni mdogo wa Bibi kwa miaka mitatu, alihamia Winnipeg, Kanada, mwaka 1926, na tangu siku ile hawajaonana. Miaka hamsini na miwili. Bibi hawezi kupanda ndege kwa sababu ya moyo, Olive hawezi kwa sababu ya mapafu. Hutumiana picha kila Krismasi. Bibi huishika ile picha ya Olive, huitikisa kidogo kama mtu anayetikisa saa iliyosimama, kisha husema ni nzuri, ila haitembei.

Sasa basi: tamthilia zetu huonyeshwa Kanada mwaka unaofuata, na Olive hakosi hata moja. Bibi amemwandikia hivi (alinipa nisahihishe herufi, sikuchungulia): atazame ngazi za kanisa, upande wa kulia, mwanamke mwenye shali ya kijivu atashuka ngazi tatu, na huyo ndiye mimi, na ninashuka vizuri tu, kwa hiyo usimsikilize mtu yeyote anayekuambia nimezeeka.

Hiyo ndiyo kazi yake. Ngazi tatu. Ameifanyia mazoezi mara mbili kwenye ngazi za uani, akaridhika, akarudi kumenya viazi.

Mimi nimefanya mazoezi saa nne mbele ya kioo. Siwezi kuwa msichana wa kabichi tu. Nimempa jina, Keziah. Yatima. Ana kifua kikuu, na ana siri ambayo sijaiamua. Wakati wa chakula cha mchana nilikohoa kikohozi cha Keziah, kirefu, cha kuvunja moyo. Mama alininywesha dawa vijiko viwili na kunifunga soksi ya sufu shingoni.

Bibi aliniuliza ninafanya nini. Nikamweleza. Akasema amekaa miaka mingi akitazama filamu, na waigizaji wakubwa wa zamani hawakufanya chochote usoni. Walisimama tu, wewe ukalia mwenyewe. Nilimshukuru kwa ushauri. Lakini nani atamtazama mtu aliyesimama tu?

Jumatatu, tarehe 23 Oktoba

Likizo ya katikati ya muhula imeanza. Asubuhi niliitia barua ya Bibi sandukuni kwa mkono wangu mwenyewe, nikaisikia ikianguka chini.

Halafu mavazi. Gauni la kahawia linalowasha, na kofia ya kitambaa yenye ukingo mpana mno, kana kwamba nimevaa ndoo pembeni. Gauni la Philippa ni la samawati na haliwashi. Aliniambia hivyo bila kuulizwa.

Nilimtafuta Bwana Rodney, nikamwarifu kuwa Keziah ana kifua kikuu na ingefaa kamera ipite karibu naye. Alinisikiliza hadi mwisho, lazima nikiri. Kisha akasema kabichi za mwaka 1851 zilikuwa na afya njema na zingependa kubaki hivyo. Watu waliokuwa wakinywa chai walicheka. Philippa akauliza kwa sauti, akitamka kila herufi, kama farasi naye ana ugonjwa wake.

Usiku huu, mpango mpya. Hawataki kuileta kamera kwangu. Vizuri. Mimi nitakwenda kwake.

Jumanne, tarehe 24 Oktoba

Siku kuu kuliko zote! Niandike kwa utaratibu nisije nikaharibu.

Kupiga filamu ni jambo la ajabu. Mnafanya kitu kimoja, dakika moja na nusu, mwongozaji anasema kata, Bwana Rodney anasema mwanzo, na wote mnarudi mahali penu na kukifanya tena, kana kwamba hamkukifanya. Farasi alielewa kabla ya baadhi yetu.

Mpango wangu ulikuwa huu: kila mkirudi mwanzo, mimi nisirudi hadi mwanzo kabisa. Hatua mbili tu mbele. Nani atajua? Mara ya kwanza nilikuwa kwa farasi. Mara ya pili karibu na pampu ya maji. Mara ya tatu nimeipita pampu. Mara ya nne nilimpita Philippa. Aliniona, akafungua mdomo, lakini muuza maua hana maneno katika hadithi, basi akaufunga. Mara ya tano nilikuwa nimesimama kwenye pipa la samaki wa chumvi, hatua tatu kutoka kwa stelingi mwenyewe, Bwana Auberon Vane, nikamsikia akipumua. Pale akasema maneno yake makubwa, kwamba kiwanda kimeungua lakini mji haujaungua, na chozi likamtoka. Chozi la kweli. Nilishika kabichi yangu kifuani kwa hisia.

Kata. Na hapo nikaona mtu ananijia.

Ni mwanamke mwembamba anayeitwa Bi Thora Maddock. Ana penseli tatu kwenye nywele, saa ya kupimia sekunde shingoni, daftari, na kamera inayotema picha papo hapo. Kazi yake ni moja: kuhakikisha kila kitu kinafanana kutoka mara hii hadi mara ile, ili picha zikiunganishwa mtu asionekane na kikombe mkono wa kulia halafu ghafla mkono wa kushoto. Alisimama mbele yangu akalifungua daftari.

"Binti wa kabichi," akasema. "Saa tatu ulikuwa kwa farasi. Saa tatu na nusu kwenye pampu. Sasa uko kwenye pipa. Kwa mwendo huu, saa kumi jioni utakuwa umeshaolewa na stelingi."

Nikasema Keziah alikuwa anatafuta wateja.

Wakaitana. Mwongozaji, Bwana Desmond Fairweather, ni mtu mpole mwenye macho ya asiyelala. Nikajua nafukuzwa. Lakini sikiliza! Alisema mara ya tano ndiyo bora kuliko zote, chozi kama lile halitarudi, na ataitumia hiyo. Bi Thora akafunga daftari kwa kishindo. Akasema basi kila picha ya karibu watakayopiga wiki hii ni lazima ifanane na mara ya tano, na mara ya tano msichana yuko kwenye pipa, kwa hiyo msichana hatoki kwenye pipa hata nyumba ikiungua.

Yaani nimehalalishwa. Kwa agizo!

Philippa alisema mimi ni mwizi wa mahali. Nikamwambia kwa utulivu kwamba ni sanaa. Jioni nimekula pai mbili. Bibi aliniuliza kama nilimwona akishuka. Nikasema ndiyo, alishuka vizuri sana. Kusema kweli nilikuwa nimempa mgongo.

Jumatano, tarehe 25 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Hakuna kupiga filamu. Watu wote wa mwaka 1851 tulikaa ukumbini tukila pai na njegere, kofia zikitoka mvuke.

Ninaandika polepole kwa sababu sitaki kufika mahali penyewe.

Bi Thora aliniita apime ukingo wa kofia yangu, maana jana ulikuwa umepinda kidogo kushoto na ni lazima ubaki umepinda hivyohivyo. Picha zake zilikuwa zimepangwa mezani kama karata. Nikajitafuta, kama kawaida yangu. Picha ya kwanza: stelingi, uwanja, kanisa, na kule juu upande wa kulia mwanamke wa shali ya kijivu, mguu mmoja hewani, uso wote wazi. Bibi. Mpiga picha mkuu alikuwa ameandika kando, kwa penseli, kwamba huyu mama ni hazina. Picha ya pili, Bibi. Ya tatu, Bibi, nusu. Picha ya tano: stelingi na chozi lake, pipa, mimi, na kofia yangu kama ndoo.

Bibi hayupo. Kofia imelimeza kanisa zima upande wa kulia. Kimebaki kipande cha shali tu, kinachotokeza sikioni mwangu kama moshi.

Nilimwuliza Bi Thora kama wataitumia hakika hiyo. Hakika. Nikamwuliza kama kesho ninaweza kurudi kwa farasi. Nilisema ninampenda sana yule farasi. Alinitazama, akafuata macho yangu hadi kwenye picha, kisha hadi kwa Bibi, aliyekuwa pembeni akiwafundisha watu wawili wa vyombo vya sauti jinsi ya kushona soksi. Sura ya Bi Thora ikabadilika kidogo.

"Katika kazi hii, mwanangu," akasema, "aliyesimama amesimama. Ukihama wewe, chozi la Bwana Vane linahama nawe."

Nilikwenda kwa Bwana Rodney. Akasema hapana kabla sijamaliza, na tena hapana nilipomaliza.

Na barua iko njiani. Labda imeshavuka bahari. Olive ataitoa miwani yake, atauita mtaa wake wote wa Winnipeg sebuleni, atawaonyesha ngazi za kanisa upande wa kulia, na wataona ukingo wa kofia. Miaka hamsini na miwili, halafu kofia yangu!

Sijamwambia Bibi. Wakati wa chai alisema labda Olive atalia akimwona, halafu akasema Olive siku zote alilia ovyo. Nikaurudisha mkate wangu sahanini.

Lazima nirekebishe mwenyewe. Mpango tayari. Kesho wanapiga picha ya karibu kidogo, chozi lilelile, pipa lilelile. Bibi akianza kushuka, mimi nitaangusha kabichi moja na kuinama kuiokota. Sekunde tatu tu. Kofia itashuka, kanisa litatokea, Bibi ataonekana. Mwongozaji akiona uzuri wake atachagua hiyo. Nimefanya mazoezi chumbani mara arobaini kwa kabichi halisi. Kila mara ilianguka palepale mguuni na kutulia. Nimefikiria kila kitu.

Alhamisi, tarehe 26 Oktoba

Sikufikiria kila kitu.

Uwanja wa soko wa Skelbeck una mteremko. Kila mtoto wa hapa aliyewahi kucheza gololi anajua, na mimi nilikuwa bingwa wa gololi wa darasa la nne. Sakafu ya chumba changu haina mteremko.

Bwana Rodney alisema anza. Stelingi akaja, akitazama mbinguni kwa uchungu, akasema kiwanda kimeungua. Kwa pembe ya jicho nikaona shali ya kijivu ikijiandaa. Nikaiachia kabichi. Nikainama. Kabichi haikutulia. Ilinipita, ikalizunguka pipa, ikashika kasi, ikashuka mteremko ikirukaruka juu ya mawe kama mtoto aliyetoroka shule, ikaenda moja kwa moja chini ya kiatu cha Bwana Auberon Vane wakati ule ule alipokuwa akisema kwamba mji haujaungua.

Alianguka kwa goti. Akajaribu kushika kitu, akashika kikapu cha Philippa. Maua yote juu. Philippa alipiga ukelele kwa lafudhi ambayo masomo ya kutamka hayakuwahi kuifikia. Farasi akapiga chafya.

Kata.

Suruali ya stelingi ilikuwa imechanika gotini, tundu la ukubwa wa sahani. Fundi wa mavazi akasema hapa iko moja tu ya namna ile, nyingine iko London kwa mshonaji. Bi Thora akasema hata bila suruali, mawe ya uwanja yamelowa tangu jana na yamekuwa meusi, na Jumanne yalikuwa makavu na meupe, na ana picha za kuthibitisha, na alilisema jambo hilo tangu asubuhi, ila hakuna anayemsikiliza mwenye daftari. Bwana Fairweather akaja taratibu hadi kwangu. Hakupaza sauti. Aliniuliza kwa nini.

Nilikuwa nimeapa kusema yote, basi nikasema yote. Nilisema kuhusu kuiba hatua mbilimbili, kofia, picha ya tano, Olive, Winnipeg, mapafu, moyo, na picha za Krismasi zisizotembea. Nilisema kwa pumzi moja. Nilipomaliza hakuna aliyecheka, hata Philippa. Stelingi, bado amekaa chini ameshika goti, aliniuliza Olive ana umri gani. Nikasema sabini na mmoja. Akatikisa kichwa na kutazama ngazi za kanisa.

Bibi alikuwa amesimama pale pale. Alikuwa amesikia kila neno. Mlango wa kanisa hurudisha sauti vizuri sana. Hakushuka. Alikuwa mtu wa kazini na hakuna aliyemwambia ashuke.

Bwana Fairweather akapanda ngazi, akasimama nyuma ya Bibi, akaunda fremu kwa vidole na kuchungulia uwanjani kutoka kule juu. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akasema mara ya tano basi, tunaiacha. Kamera ije huku. Atapiga kila kitu upya kutoka ngazini, juu ya bega la huyu mama, na mama asimame ngazi moja chini zaidi ili mgongo wake ulifiche goti la Bwana Vane. Akamwomba Bibi asitikisike. Akamwambia atakuwa anajaza theluthi moja ya kioo, muda wa sekunde arobaini.

Theluthi moja ya kioo! Ya mgongo.

Mimi nilielekezwa ukumbini kurudisha gauni. Bwana Rodney alifanya hivyo kwa adabu, akiwa amenishika kiwiko. Lakini nilikimbia kurudi nikajishika kwenye uzio wa kanisa, nikaona. Stelingi alisema maneno yake. Chozi halikutoka, ila sauti ilikatika mahali pazuri zaidi. Na Bibi alisimama. Sijawahi kuona mtu akisimama namna ile. Mara moja tu, katikati, aliivuta shali yake juu begani, mvuto mmoja mfupi wa ghafla. Bi Thora alishtuka na penseli. Bwana Fairweather akainua mkono kumzuia. Kata. Mara moja tu, na ikatosha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilingoja anigombeze. Tulipita duka la mkate, tukapita benki. Nikaanza kuomba radhi, nikasema Olive ataona mgongo tu, mgongo wa mtu yeyote.

Bibi alisimama njiani.

"Wa mtu yeyote? Mimi na Olive tulilala kitanda kimoja miaka kumi na tisa, mjukuu wangu, na kila usiku nilimpa mgongo. Na kila usiku nilivuta blanketi lote kwangu, hivi." Akaivuta skafu yake begani, mvuto ule ule. "Akiona hivyo atapiga televisheni teke, kama alivyonipiga mimi."

Akacheka peke yake hadi kona ya mtaa wetu. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba sekunde arobaini ni nyingi, na yeye alikuwa ameombwa ngazi tatu tu.

Ijumaa, tarehe 27 Oktoba

Antena zinarudishwa. Baba yuko juu ya paa. Bi Pickersgill hutufundisha kwamba shajara njema humalizia kwa yale mtu aliyojifunza, basi nimekaa tangu asubuhi nikijifunza.

Nimejifunza kwamba mtu asijipenyeze mahali ambapo hakupangiwa. Nimejifunza kwamba kinachoonekana si lazima kiwe mbele. Nimejifunza kuhusu miteremko. Philippa amepita hapa kuniletea kabichi, iliyofungwa utepe, na kadi ya pole kutoka kwa farasi. Nadhani ilikuwa urafiki. Nimeipokea kwa unyenyekevu.

Bibi amemwandikia Olive barua ya pili: asitazame upande wa kulia, atazame bega. Ameridhika kabisa. Anaimba jikoni.

Na hapo ndipo fikra ikanijia. Mtu aliyeridhika na mgongo angefurahi kiasi gani kwa uso! Mimi siwezi kuacha kazi nusu. Watu wa televisheni wako Skelbeck hadi Jumatatu. Nimewaona wakiteremsha magogo ya onyesho jingine nyuma ya kanisa. Bibi hajui lolote, itakuwa mshangao. Nimeandika onyesho fupi, kurasa nne tu, na barua hii, ambayo nainakili hapa kwa ajili ya ukweli:

"Mpendwa Bwana Fairweather, natumaini goti la Bwana Vane linaendelea vizuri. Nimefikiri sana juu ya kosa langu, na nimeona dawa yake. Mwanamke wa ngazini amesimama sekunde arobaini na watazamaji hawajaona uso wake. Bila shaka watalala na kiu. Katika onyesho nililoambatanisha, mtu anamwita kutoka nyuma, naye anageuka. Hilo ndilo tu. Anayemwita angefaa awe msichana mdogo, mwenye uso wa huzuni, na kwa sababu za sauti itabidi asimame karibu sana na kamera. Ninaweza kuja na gauni langu mwenyewe. Sitabeba mboga. Nimeweka bahasha yenye stempu na anwani yetu, na ninaomba sana jibu la haraka kwa posta, kwa kuwa shule inafunguliwa Jumatatu na itabidi niandae udhuru mapema: je, Bibi anaweza kugeuka?"